Mashine Iliyojibu Badala ya Kasongo

Programu ilisimama kabla ya kutuma chochote. Kwenye kompyuta ndogo ya Chimène kulikuwa na mistari miwili tu. Wa kwanza ulisema kwamba seva ya Kasongo imejibu. Wa pili ulisema kwamba anayejibu si yule anayejulikana.

Chimène aliusoma mstari wa pili tena. Maneno yale aliyaandika mwenyewe, kwa Kiswahili, alipokuwa akitengeneza programu, na tangu hapo hakuwahi kuyaona yakitokea.

"Imeenda?" Maître Gédéon, mwanasheria wa ofisi, aliuliza kutoka kwenye meza yake.

"Bado, Maître."

"Bado namna gani? Kesho asubuhi grefye wa mahakama anafunga mulango. Kisha hapo hata ukileta malaika kuwa shahidi, hawamusikilize."

"Ninajua."

"Kama unajua, tuma."

Hakutuma. Alifunga programu, akaifungua upya, akapata jibu lilelile.

Chimène ni mzaliwa wa mji wa Kasongo, wa familia ya wakulima wa mpunga na muhogo. Alisomea informatiki mjini hapo, akafundisha mwaka mmoja katika shule ya kanisa, akaona kwamba anawafundisha watoto kompyuta kwa kuwachorea kompyuta ubaoni, akaacha. Alipopata kazi katika mji mdogo wa Kabambare alikuja nyuma ya pikipiki, matope hadi magotini, amekumbatia kompyuta yake iliyozungushiwa mifuko ya plastiki kama mkate wa muhogo. Ofisi iliyomwajiri ni ndogo: vyumba viwili, mwanasheria mmoja, na yeye. Inawatetea wakulima wanaonyang'anywa mashamba. Makao yake makuu yako Kasongo, na huko, chini ya meza ya fundi aitwaye Moustapha, ndiko iliko seva: mashine isiyo na skrini, iliyofunikwa kitambaa cha kuzuia vumbi.

Kila alasiri Chimène hupeleka huko nyaraka za Kabambare kwa programu aliyoiandika katika lugha ya Python. Programu hiyo hutumia njia iitwayo SFTP. Kinachopita katika njia hiyo husomwa na mashine mbili tu, moja kila mwisho. Aliye katikati huambulia kelele. Lakini kuifunga njia hakusaidii kitu ikiwa mwisho wake ni nyumbani kwa adui. Kwa hiyo kabla ya kutuma, programu huitaka seva ionyeshe alama yake ya kidole, mfuatano wa herufi na tarakimu ambao seva hiyo peke yake inaweza kuthibitisha kuwa ni wake. Alama hiyo si siri. Ni kama sura ya mtu: kila mmoja anaweza kuiona, hakuna mwingine anayeweza kuivaa.

Aliyemtangulia kazini alikuwa na programu yake, ambayo iliikubali sura yoyote. Ilikuwa ya haraka na haikumsumbua mtu. Chimène aliandika nyingine. Ile ya zamani ilibaki kwenye kompyuta kubwa ya ofisi, kwa kuwa hakuna aliyeona haja ya kuifuta.

Alasiri hiyo kilichongoja kutumwa hakikuwa karatasi. Zilikuwa sauti za mashahidi. Kando ya kijiji cha Wamaza kuna mtu mwenye machimbo ya dhahabu, ambaye watu humwita Patron tu. Machimbo yalipohitaji nafasi, nyumba za watu zilichomwa. Majaji walikuwa wamehamia Kasongo kwa muda kusikiliza kesi hiyo, Patron akiwa rumande, na walikubali kwamba mashahidi wasikilizwe kwa rekodi, milango imefungwa, majina hayatajwi. Barabara ilikuwa imekatwa na mvua. Mwenye pikipiki angefika keshokutwa, tena apite kwenye kizuizi cha watu wa Patron, ambao siku hizo walikuwa wakipekua hata soksi.

Kuondoa majina ilikuwa rahisi. Tatizo lilikuwa sauti zenyewe, na hasa ya Mama Hawa.

Mama Hawa anauza mafuta ya mawese katika soko la Wamaza. Sauti yake ni nzito, ina mkwaruzo, na hupanda ghafla mwishoni mwa kila sentensi kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Yeye ndiye aliyemwona Patron mwenyewe amesimama kando ya nyumba zikiungua. Chimène alipofika kwake na kinasa sauti, Hawa alicheka.

"Jina langu utaficha. Uso wangu utaficha. Na hii koo utaificha wapi, mwanangu? Mimi, hata ukinifunika na gunia, nikisema karibu tu, Wamaza nzima inajua ni Hawa."

"Majaji peke yao watasikia, mama."

"Unaapa?"

Chimène hakuapa. Alimweleza njia ambayo sauti itapita, mashine kwa mashine, na nani ana ruhusa ya kuifungua. Kisha aliwasha kinasa sauti na kusema yale anayowaambia mashahidi wote. Alitaja jina lake na ofisi yake. Akaeleza rekodi ni ya nini na itasikilizwa na nani. Akamalizia kwa maneno yaleyale ya siku zote: "Unaweza kusimama wakati wowote. Hakuna mtu atakayekuuliza sababu. Nikishasema haya, uniambie kama tuendelee au tuache."

Hawa alikaa kimya kidogo, akavuta pumzi, akasema, "Endelea. Walichoma mchana, na mimi nitasema mchana."

Maître Gédéon, aliyeisikiliza rekodi hiyo kwenye kompyuta kubwa ili aandike hoja zake, alilalamika kama kawaida yake. "Chimène, unasoma misa nzima kabla ya kuuliza swali moja."

"Lazima wajue, Maître."

"Wajue, ndiyo. Lakini hata Padri anafupisha mvua ikikaribia."

Sasa Maître alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Chimène, akiitazama skrini. Si mtu mbaya. Kwa kesi hii ametembea vijiji kwa miguu, akalala jikoni kwa watu, akatukanwa hadharani na wapambe wa Patron.

"Inataka nini?" aliuliza.

"Inasema ile mashini si ya Moustapha."

"Ni nani mwingine anaweza kuwa na mashini Kasongo na jina lile?"

"Njo hiyo ninajiuliza."

Simu hazikuwa zikishika. Mnara wa Kabambare ulikuwa umezimika tangu dhoruba. Intaneti ya ofisi ilitoka kwa Alimasi, mwenye duka la ng'ambo ya barabara, aliyekuwa na sahani ya setilaiti juu ya paa na waya mweusi uliovuka barabara hadi dirishani kwao. Ni Alimasi huyohuyo aliyetokea mlangoni wakati huo, mikono mfukoni, tabasamu lote nje.

"Maître, salamu. Dada Chimène, mbona sura kama umemeza kwinini?"

"Salamu, yaya Alimasi," Chimène alimjibu, kama wanavyomwita huko kaka mkubwa. "Ni kazi tu."

"Moustapha wenu amepita kwangu, kwenye Intaneti. Anasema radi ilipiga mashini ya Kasongo, ameweka mupya. Anasema ukiona inasumbua, ukubali tu."

Maître alipiga makofi mara moja. "Unaona!"

Chimène aligeuka taratibu. "Alikuandikia wewe, yaya?"

"Mimi njo niko na sahani. Angemwandikia nani? Kuku?"

"Ninaweza kuona ujumbe?"

Alimasi alicheka, akapapasa mfuko wa shati, kisha wa suruali. "Simu iko dukani inachajiwa. Nitakuletea." Akatoka bila haraka.

Maelezo yenyewe hayakuwa na kasoro. Radi hupiga mashine, na mashine mpya huwa na alama mpya. Kilichomsumbua Chimène kilikuwa kwamba hakumwambia mtu yeyote nje ya chumba kile kuwa programu imegoma.

"Maître, nipe nafasi niende parokiani, kwenye foni. Moustapha atanisomea alama yeye mwenyewe."

"Foni! Chimène, ile kitu inasikilizwa na teritwari nzima. Hata machimboni wako na yao."

"Wasikie. Alama si siri. Tutasoma herufi tu."

Maître alitazama dirishani. Mawingu yalikuwa yakipanda. "Twende, basi. Lakini upesi."

Foni ni redio ya mawasiliano. Hapo parokiani Kabambare huendeshwa na Papa Marcellin, mzee mnyoofu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyeketi kwenye kiti hicho tangu kabla ya simu kufika. Foni ina desturi yake. Mwenye ujumbe hagusi kipaza sauti. Humwambia mwendeshaji, na mwendeshaji husema kwa niaba yake. Upande wa pili ni hivyohivyo. Na kwa kuwa umeme wa betri ni mchache na wanaongoja ni wengi, mwendeshaji mzuri hasemi maneno yote. Anakamua, anatoa kiini. Papa Marcellin alijulikana kwa kukamua vizuri kuliko wote; angeweza kuugeuza ugomvi wa urithi kuwa sentensi mbili, na ndugu wakaelewana.

Chimène alimweleza pole pole: Moustapha asome alama ya kidole ya mashine yake, herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu. Mzee aliitikia kwa kichwa, akabonyeza kitufe.

"Kasongo, Kasongo, Kabambare hapa. Mama Aimée, habari ya huko? ... Muzuri. Mwite Moustapha wa ofisi ya mashamba. Binti yake wa huku anauliza kama mashini yake iko sawa."

"Papa, hapana—" Chimène alianza. Mzee aliinua kidole kumnyamazisha.

Walingoja. Foni ilikoroma. Watu wengine waliokaa kwenye benchi walivuta shingo. Kisha sauti ya Mama Aimée, mwendeshaji wa Kasongo, ilirudi kavu na wazi. "Kabambare, Moustapha amefika hapa. Anasema mashini iko sawa. Atume tu."

"Umesikia?" Maître alikuwa tayari amesimama. "Iko sawa, atume. Kwa masikio yangu."

"Maître, hawakumuuliza nilichosema. Wamemuuliza habari ya mashini kama vile habari ya mugonjwa."

"Na amejibu iko muzima! Unataka nini tena, muhuri wa gavana?" Akatoka nje kwa hatua ndefu, akipitia katikati ya kuku wa Padri.

Chimène alidhani amekwenda kupoza hasira. Alimgeukia mzee.

"Papa Marcellin, nipe ile kipaza sauti."

Mzee alivua miwani. "Binti yangu, kwenye foni hii mbele ya askofu mwenyewe, mimi njo nilisema."

"Ninajua, papa. Si kwamba umesema vibaya. Ulisema maana. Mimi leo maana hainisaidie. Ninataka herufi zenyewe, na ninataka kuzisikia kutoka kinywa cha Moustapha."

"Na kama nikikataa?"

"Kuna mama mmoja ataumia, papa. Sina namna ya kukueleza hapa."

Mzee alitazama benchi, akatazama masikio yaliyokuwa pale. Kisha alisukuma kipaza sauti upande wa Chimène, kwa ncha ya kidole, kama mtu anayesogeza kitu cha moto. Yeye mwenyewe akamwita Mama Aimée na kumtaka amrudishe Moustapha, amweke mbele ya kipaza sauti. Mama Aimée aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri.

Moustapha alikuwa ameshatoka. Walimkimbiza tena, akarudi ofisini kwake, akachungulia mashine, akaandika, akaja. Mvua ilianza kudondoka juu ya mabati. Hatimaye sauti aliyoijua, yenye pua kidogo, ilijaza chumba.

"Chimène, wewe? Leo wamekupa foni? Kumbe umekuwa Padri!"

"Soma, Moustapha. Mizaha kesho. Kila herufi, useme kubwa au ndogo."

"Sawa. K kubwa, kama Kasongo. Saba. R ndogo. M kubwa, kama Maniema. M kubwa tena..."

Kwenye skrini ya kompyuta aliyokuja nayo Chimène alikuwa na alama mbili, moja juu ya nyingine: ile ambayo programu iliijua tangu mwanzo, na ile ya mashine iliyojibu leo. Kidole chake kilifuata ya juu. K. Saba. R. M. M. Kilifika mwisho pamoja na sauti ya Moustapha bila kuruka hata herufi moja.

Seva ya Kasongo haikuwa imebadilika. Hakuna radi iliyopiga kitu. Mashine iliyojibu kupitia sahani ya Alimasi ilikuwa ya mtu mwingine, imevalishwa jina la Kasongo, na ilikuwa ikingoja.

Chimène alijua machimboni wanasikiliza. "Asante, Moustapha," alisema, kama aliyepata habari za kawaida. "Nimesikia. Usiende mbali."

Ndipo alipomkumbuka Maître. Alikumbuka kompyuta kubwa, programu ya zamani inayokubali kila sura, na rekodi ya Hawa aliyoiacha humo ili Maître aisikilize.

Alikimbia mvuani, ameibana kompyuta chini ya kitenge. Kiatu kimoja kilibaki kwenye matope ya sokoni, hakukirudia. Alipofika ofisini hakuuliza kitu. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akaushika waya mweusi kwa mikono miwili, akauvuta. Ulitoka na kipande cha plasta ya ukuta.

Maître aliruka kutoka kitini. "Una wazimu? Ilikuwa inaenda muzuri!"

"Si Kasongo, Maître. Moustapha amesoma. Mashini yake ni ileile ya zamani. Hapa ulikuwa unamutumia mutu mwingine."

Maître aliutazama waya uliolala sakafuni. Akakaa. "Nilisikia 'iko sawa', Chimène," alisema baadaye kwa sauti ndogo. "Nilisikia."

"Mimi njo niliiacha hiyo programu hapo." Alikuwa ameshainama mbele ya kompyuta kubwa. "Umetuma gani?"

"Ya Hawa. Njo ya kwanza. Nilisema hata nyingine zikikosa, ile ifike."

Programu ya zamani ilikuwa na wema mmoja: iliandika pembeni kiasi cha data kilichokwisha kutoka. Na rekodi ya Hawa haikuwa imebanwa. Maître mwenyewe alitaka majaji wapate sauti asilia, isiyoguswa. Katika rekodi ya namna hiyo, kila sekunde huchukua nafasi sawa na nyingine. Kwa hiyo ingewezekana kujua ni wapi hasa sauti ilikatika. Chimène aligawanya kiasi kilichotoka kwa nafasi ya sekunde moja. Alikosea, akafuta, akagawanya upya. Kisha aliweka mshale mahali pale kwenye rekodi, akarudisha mwanzo, akabonyeza.

Wote wawili waliinama kwenye vipaza sauti vya kompyuta kama watu wanaosikiliza kifua cha mgonjwa.

Jogoo wa Wamaza aliwika. Kisha sauti ya Chimène: jina lake, ofisi yake. Rekodi ni ya nini. Nani ataisikiliza. Mshale ulikuwa ukisogea. Mahali fulani mtoto alilia na kunyamazishwa, na Maître akafumba macho, lakini aliyemnyamazisha hakutumia maneno. Sauti ya Chimène iliendelea, taratibu, bila kuruka kitu, ile misa nzima. *Unaweza kusimama wakati wowote. Hakuna mtu atakayekuuliza sababu. Nikishasema haya, uniambie kama tuendelee au tuache.*

Kimya. Mshale ulikaribia alama. Ndani ya kimya hicho mtu alivuta pumzi, na Chimène akaujua mvuto ule, ulikuwa wa mtu anayekaribia kusema.

Mshale ulifika kwenye alama. Akasimamisha.

Mvua ilikuwa ikiingia kwenye tundu la dirisha mahali waya ulipokuwa, ikilowesha faili za Maître, naye hakuziondoa.

"Pumzi," alisema mwishowe. "Pumzi haiko na jina?"

"Haiko."

"Una hakika?"

"Hapana, Maître. Lakini koo lake halimo. Waliyempata ni mimi."

Sauti bado hazikuwa zimefika Kasongo. Parokia ina sahani yake ndogo ya setilaiti, ambayo Padri huifungua kwa shughuli za kanisa tu, kwa kuwa inakula betri zilezile za foni. Alasiri ya mvua, paneli za jua hazikuingiza kitu. Kilichobaki ndani ya betri ndicho kilichokuwepo. Chimène alirudi huko na kiatu kimoja. Maître alitembea nyuma yake. Padri aliwasikiliza mlangoni, akasema sahani ni yake lakini betri ziko chini ya Papa Marcellin, wamuulize yeye.

Mzee alikuwa na benchi lililojaa. Kulikuwa na mwanamke anayengoja habari za mumewe aliyeko Kindu na vijana wawili waliotaka kuulizia bei ya mpunga. Hakuwa amewahi kuifunga foni saa ya kazi, hata siku ya mazishi ya kaka yake.

"Ule mama uliyesema ataumia," alimuuliza Chimène chinichini. "Anaumia kama foni ikiendelea?"

"Betri hazitoshi kwa vyote viwili, papa."

Alikaa akitazama kipaza sauti. Kisha alimwita Mama Aimée kwa mara ya mwisho. "Kasongo, Kabambare inafunga. Moustapha arudi kwenye mashini yake." Akazungusha kitufe, na mkoromo ambao watu wa hapo wamezoea kama mlio wa vyura ukakatika. Kutoka kwenye benchi mtu alimtukana. Mzee hakugeuka. Alimwambia tu yule mwanamke wa Kindu, "Wewe utakuwa wa kwanza."

Chimène aliunganisha kompyuta yake. Programu iliita, ikajibiwa, na alama ikatokea. Hakuiamini skrini peke yake. Aliisoma kwa kidole, akikumbuka sauti ya Moustapha. K kubwa. Saba. R ndogo. Programu iliona vilevile, na bila kuuliza mtu ikaanza kutuma.

Ilikwenda kama mzee anayepanda mlima. Kila rekodi ilipofika iliandikwa kwanza kwa jina la muda. Ilipokamilika na kulinganishwa na ya hapa, ndipo ilipopewa jina lake la kweli. Mara mbili sahani ilipoteza anga, programu ikangoja, ikaendelea kutoka ilipokatikia. Taa ya betri ilikuwa kijani, ikawa njano. Maître alikuwa amesimama akiitazama taa, si skrini. Ya Hawa, Chimène aliiweka ya kwanza. Ya mwisho ilipata jina lake wakati taa ikiwa imeanza kuwa nyekundu.

Asubuhi, jua lilipotoka na kuzipa betri nguvu kidogo, yule mwanamke wa Kindu alipata habari zake. Kisha Mama Aimée aliita kutoka Kasongo. Moustapha alikuwa na ujumbe kwa Chimène: herufi za kwanza za hesabu ya ulinganisho, uthibitisho kwamba alichokipokea na kukifikisha kwa grefye ni kilekile kilichotoka Kabambare. Papa Marcellin alichukua kipaza sauti mwenyewe, wala Chimène hakukiomba. Mzee alirudia herufi moja baada ya nyingine, kubwa na ndogo, kwa sauti ya mtu anayehesabu mayai, bila kukamua chochote.

Ofisi sasa haina waya mweusi. Programu ya zamani imefutwa. Maître ndiye aliyebonyeza, akaomba athibitishiwe kwamba imefutika kweli. Majaji walisikiliza mashahidi milango ikiwa imefungwa, na Patron hakuachiwa. Hukumu bado. Mama Hawa anauza mafuta yake Wamaza, na sauti yake husikika kabla hujamwona.

Siku ya soko Chimène alivuka barabara kwenda kununua vocha, kwa kuwa mnara wa simu ulikuwa umerudi na vocha zinauzwa na Alimasi peke yake. Alimasi alimpa. Tabasamu lilikuwa lilelile.

"Umekata waya wangu, dada."

"Tumepata njia nyingine, yaya."

"Bon." Alipanga vocha zilizobaki mezani, kingo kwa kingo. Kisha, bila kuinua macho, alisema kwa upole, neno kwa neno, kama mtu aliyesikiliza kitu mara nyingi, "Unaweza kusimama wakati wowote. Hakuna mtu atakayekuuliza sababu."

Kelele za soko ziliendelea nyuma yake. Chimène akapata kitu alichokuwa akikingoja tangu siku ya mvua: uhakika kwamba hicho ndicho pekee walichopata. Sentensi ile ilikuwa na nyingine baada yake, iliyotaka jibu. Alimasi hakuifikia. Hata baada ya sentensi hiyo alikuwa na pumzi tu. Jibu lenyewe hakuwa nalo. Lilikuwa Kasongo, mbele ya majaji.

"Asante, yaya," alisema, akaweka vocha mfukoni, akavuka barabara kurudi kazini.